Rota Niliyomuuzia Mzee Ramadhani

Mwanangu Rehema,

Umeondoka saa nne kwenda Mitundu kumuaga bibi yako, ukasema utarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja tu wa kuandika. Nimekaa nyuma ya kaunta, mlango wa duka nimeurudisha nusu, na kila pikipiki inaposimama nje nafunika karatasi kwa katoni la plagi, nikidhani ni wewe umewahi kurudi.

Mambo ya kula kwa wakati, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitayaandika. Una miaka ishirini na tatu, umeyasikia kwangu mpaka umechoka. Nataka kukuandikia habari ya kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, rota ya distribyuta, kile kipande kinachozunguka kugawa moto kwa plagi, na mambo niliyoyafanya kwa sababu yake. Kesho unakwenda Mwanza kusimama kwenye kaunta ya duka la spea la watu. Siwezi kukuacha uende bila kujua mama yako alifanya nini aliposimama mahali kama hapo.

Unajua duka hili lilikuwa la baba yako. Alipofariki ulikuwa na mwaka mmoja, na watu wote wa Itigi walisubiri kuona nitaligeuza la vitenge au la mchele. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake miaka sita nikimpa vitu kutoka rafu za juu, nilijua kila kitu kinakaa wapi. Lakini wanaume walikuwa wakiingia wananijaribu. Mmoja anauliza kitu kisichokuwepo duniani aone nitasemaje, mwingine anauliza, "Mwenye duka yuko wapi?" na mimi nimesimama mbele yake. Nikajiwekea sharti moyoni kwamba hakuna mtu atakayenisikia nikisema sijui, wala sina. Sharti hilo ndilo lililoniharibu, maana nilidhani ni ujasiri.

Mwaka ule wewe ulipotimiza miaka minne, alipita muuzaji wa jumla na gari lake, akaniachia katoni la rota na vifuniko vya distribyuta. Wakati ule karibu kila gari lililopita hapa lilikuwa na distribyuta. Haya magari ya sasa ambayo kila plagi ina koili yake hatukuyajua. Ukiwa na rota nzuri dukani una wateja, na zangu nzuri zilikuwa zinakwisha. Nilifungua katoni siku hiyo hiyo. Maboksi yalikuwa mazuri, yameandikwa vizuri, yana hata karatasi ya kung'aa. Nikatoa rota moja nikaiweka mkononi, na mkono wangu ukajua kabla yangu. Ilikuwa nyepesi kama kifuniko cha chupa. Nikaipeleka puani, ikanuka plastiki iliyoungua. Kile kipande cha juu kinachopitisha moto hakikuwa shaba, kilikuwa bati jeupe lililoshikizwa kwa ribiti moja, na ukikigusa kwa ukucha kinatikisika.

Wiki hiyo niliuza mbili. Zote zilirudi. Moja ilikuwa imepasuka shingo, ile sehemu inayokaa kwenye shafti, ya pili bati limelika kama limetafunwa. Wenyewe niliwapa zile nzuri mbili nilizobaki nazo, wakaenda zao wakinishukuru. Unaona, Rehema? Nilijua. Sitaki ufike mwisho wa barua hii ukinitetea kwamba sikujua.

Katoni sikulitupa. Nililisukuma chini ya kaunta kwa mguu.

Mzee Ramadhani unamjua kwa ile fimbo yake na mguu usiokunjika. Wakati ule alikuwa mzima, anaendesha pikapu yake kati ya Itigi na Mitundu, anabeba alizeti, asali na watu. Aliingia hapa asubuhi na fundi Yohana. Yohana alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano hivi, fundi wa pekee mjini ambaye alinawa mikono kabla ya kushika spea mpya. Gari lilikuwa linakohoa, rota imekwisha, na mzee alikuwa na safari ya Mitundu siku hiyo hiyo.

"Mama Rehema," mzee akasema, "nipe rota ya kudumu. Njia ile unaijua, hakuna mtu wa kukusaidia kule."

Neno "sina" lilikuwa jepesi kulitamka. Duka jingine la spea, ng'ambo, lilikuwa wazi, angeweza kuvuka barabara. Lakini nilimwona akivuka, na nikawaona wale wanaume wa kijiweni wakimwona akivuka. Nikainama chini ya kaunta.

"Hii itadumu?" akauliza.

"Itadumu."

Yohana aliichukua, akaigeuza, akaijaribu kwenye shafti ya distribyuta kuukuu iliyokuwa pale mezani. "Mama Rehema, inacheza kidogo hii."

"Wewe kafunge," nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika. "Au siku hizi mafundi ndio wanaotufundisha spea?"

Watu wakacheka. Yohana akaona haya, akaenda kuifunga.

Mzee alikwenda Mitundu akarudi salama, akaenda tena. Siku ya tano nilikuwa nimekuchukua kwa bibi yako, na gari lililokuwa linarudi Itigi lilikuwa la mzee Ramadhani. Nililitazama nikasita. Bibi yako akauliza, "Unasubiri nini? Panda, mtoto anaungua na jua." Nikapanda. Mzee alitupa nafasi ya mbele, wewe mapajani kwangu. Nyuma kulikuwa na magunia ya alizeti na watu sita juu yake. Njia nzima nilisikiliza injini. Mzee alikuwa anazungumza habari za mvua, mimi naitikia tu, sikio langu liko chini ya boneti.

Tulipofika kwenye reli, pale unapoingia mjini, mzee alipunguza mwendo, akaweka gia ndogo kupanda lile tuta. Magurudumu ya mbele yakavuka chuma cha kwanza. Injini ikakata. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilikuwepo, mara haipo.

Alipiga stata. Ikazunguka vizuri, lakini moto hakuna. Akapiga tena. Ndipo treni ya mizigo ikalia kutoka upande wa Tabora.

Watu wa nyuma waliruka, wengine wakaanza kusukuma, lakini gari lilikuwa zito na gurudumu la nyuma limekaa kwenye kokoto. Mlango wangu ulikuwa wa kufunguliwa kwa nje. Nikapiga kelele, mtu akaushika, ukagoma. Rehema, nilikutoa dirishani. Nilikurusha kwa mwanamke mmoja aliyekuwa amenyoosha mikono, naye akakukosa. Ulianguka kidevu kwenye mawe ya reli. Lile kovu ambalo nimekwambia miaka yote ulilipata kisimani kwa bibi, ulilipata pale, mkononi mwangu.

Nikapita dirisha lile lile. Nyuma yangu mzee hakushuka. Alikuwa ameweka gia ya kwanza, anapiga stata bila kuachia, na gari linaruka hatua moja moja kama chura. Mpaka leo sijaona mtu mwenye akili ya namna ile wakati kifo kinampigia honi. Gari lilitoka karibu lote. Treni ilikamata nyuma yake tu, ikaligeuza, na mguu wa mzee ukabaki katikati ya mlango na chuma.

Hakufa mtu. Nilikuwa nakushika kidevu kwa kanga yangu, damu inapita kwenye vidole, na watu wananiambia nimshukuru Mungu. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Watafungua boneti.

Sasa nakuandikia lile ambalo hata kasisi sikumwambia.

Gari lilivutwa likawekwa kwenye uwanja wa wazi karibu na stesheni, kumsubiri askari wa usalama barabarani atoke Singida kulikagua. Kesho yake saa saba mchana, jua kali, watu wamejificha kwenye vivuli, nilichukua kapu la sokoni nikapita pale. Ndani ya kapu, chini ya mchicha, kulikuwa na rota nzuri. Niliivua kwenye distribyuta nyingine kuukuu, ya baba yako, aliyokuwa akifundishia watu. Boneti ilikuwa haijafungwa sawasawa. Nikainyanyua. Kile kifuniko cha distribyuta kinashikwa na klipu mbili za springi, moja kila upande. Nikazifungua, nikakitoa kifuniko na waya zake. Rota yangu ilikuwa imepasuka shingo, imelegea, inazunguka yenyewe juu ya shafti kama kofia kubwa kwenye kichwa cha mtoto. Nikaitia kapuni. Nikaweka ile nzuri. Nikarudisha kifuniko, nikabana klipu ya upande wangu, na ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma ya behewa. Nikashusha boneti nikaondoka. Alikuwa mlinzi tu, hata hakuniangalia.

Klipu ya pili sikuifunga. Nilikumbuka nimefika nyumbani. Nikasema moyoni, si kitu.

Askari alikuja na watu wakajaa. Mama yake Yohana alikuwepo, na ndugu za mzee Ramadhani wote. Askari akafungua boneti, akainama. Kisha akauliza, "Nani fundi wa gari hili?"

"Mimi, afande," Yohana akasema.

"Njoo uone. Klipu moja iko wazi. Kifuniko kimekaa upande. Rota ni nzima kabisa. Gari limetikisika kwenye reli, kifuniko kimenyanyuka, moto umekosekana. Ulifunga ukiwa unafikiria nini?"

Yohana aliinama akaigusa ile klipu kwa kidole. "Afande, nilizifunga zote mbili."

"Hii hapa imejifungua yenyewe?"

"Nilizifunga zote mbili," akarudia, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Kisha akageuka akanitafuta katikati ya watu. "Mama Rehema, ile rota si nilikwambia inacheza?"

Watu wakanigeukia. Hapo ndipo ningeweza kusema, Rehema. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Rota si hiyo hapo, afande ameiona nzima? Mimi nauza vitu, sifungi."

Mzee Ramadhani aliletwa kwa kiti kutoka zahanati, mguu umefungwa mbao. Alimtukana Yohana mbele ya mama yake maneno ambayo sitayaandika. Yohana alilala mahabusu siku kadhaa, alipotoka hakuna mtu aliyempelekea gari tena. Kabla ya mavuno kwisha alikuwa amehama. Mimi watu walinisifu. Walisema, mama yule anauza vitu vya uhakika, hata treni haikuvunja rota yake. Duka likajaa. Umesoma kwa duka hili.

Usifikiri nilikuwa silali. Nililala vizuri tu, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka. Katoni nililichoma, nikaanza kuuza vitu vizuri peke yake, nikajiona nimetubu. Kila ulichojifunza kwangu kuhusu spea kimetoka kwenye ile rota iliyopasuka. Ndiyo maana nilikuwa nakupiga mkono ukisoma boksi kabla ya kupima uzito. Boksi linachapishwa na yeyote. Ndiyo maana nilikufundisha kukiweka kifuniko juani na kukizungusha polepole kutafuta ufa mwembamba kama unywele, na kuangalia ndani iwapo vile vichwa vinavyopokea moto ni shaba ya njano au bati jeupe linaloota ukungu. Na kubonyeza lile kaa dogo jeusi la katikati, linalopitisha moto, kwa kidole, uone kama springi inalirudisha. Na kuiweka rota kwenye shafti na kuitikisa, ikicheza hata kwa upana wa uzi, rudisha kwenye boksi. Na kutomuuzia mtu rota mpya akaifunga chini ya kifuniko kilichokwisha, maana kibovu kinakula kizuri. Ulikuwa unadhani mama yako ni mkali kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nakufundisha aibu yangu bila kukutajia jina lake.

Mwezi uliopita ulipopigiwa simu kwamba umepata kazi, tulikuwa hapa hapa. Ulifurahi, ukakaa juu ya kreti, ukaniuliza, "Mama, mteja akitaka orijino na mimi sina, bosi yuko pembeni ananiangalia, nimwambieje?" Nikasema naenda kuangalia mboga jikoni. Unakumbuka? Hakukuwa na mboga jikoni.

Wiki ile nilikwambia naenda Singida kuchukua mzigo. Sikuishia Singida. Nilifika Misigiri, mbele ya Singida, ambako madereva walikuwa wameniambia Yohana alihamia.

Nilimkuta Yohana pembeni ya barabara kuu, chini ya turubai, anaziba pancha. Ndevu zimeanza mvi. Alinitambua mara moja, akanyanyuka.

"Karibu, mama Rehema. Mtoto hajambo?"

Cha kwanza aliniuliza habari zako. Nikakaa kwenye tairi nikamwambia yote, kuanzia katoni mpaka kapu la mchicha. Alikuwa na tyubu mkononi, akawa anaikunja na kuikunjua.

"Klipu," akasema mwishoni. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Mimi niliziona zimefungwa. Nilizisikia zikilia, moja, halafu nyingine. Lakini afande aliponionyesha ile iliyo wazi, nikaanza kujiuliza. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hakika. Mwaka wa pili nikasema, labda. Nikifunga boliti nairudia mara nne, nikimaliza nairudia tena. Mteja hawezi kusubiri fundi wa namna hiyo. Nikaacha injini. Tairi ukiliziba unalitia kwenye maji, unaona mwenyewe halitoi povu."

Nilianza kulia. Akaniambia, bila hasira, "Usilie hapa, nina wateja." Nikanyamaza. Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Mama yangu alikufa akijua mimi ndiye niliyemvunja mzee wa watu mguu. Yeye huwezi kumwambia. Lakini pale kituo cha polisi iliandikwa. Nataka iandikwe na hii."

"Wataweza kunifunga, Yohana."

"Mimi walinifunga," akasema.

Akachukua tairi la mtu akaendelea. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumuuliza.

Jana, ulipokuwa unafua, nilikwenda kwa mzee Ramadhani. Nilimpa shikamoo. Nikamweleza yote, na kwamba nitakwenda polisi na Yohana, nikiwa nimepiga magoti kwenye ua, na mkewe amesimama mlangoni na ungo. Nilitegemea fimbo. Akailaza chini.

"Mguu nimeuzoea," akasema. "Lakini yule kijana nilimtukana. Bado ni fundi?"

"Anaziba pancha, mzee."

Akajifunika uso kwa viganja. Mkewe aliniambia niondoke, tena nisirudi kwenye ule ua. Nilipofika getini mzee akaita kwa nyuma: "Siku unayokwenda kituoni, nipitie. Nataka nimwone kijana yule kwa macho yangu."

Sasa nikujibu lile swali lako, ingawa nimechelewa. Mwambie sina. Bosi akikukasirikia, akasirike. Akikufukuza, nyumbani kuna chakula. Neno lile linauma kama mwiba wa mgunga, unaruka kidogo, halafu unaendelea na safari. Mimi nilikwepa mwiba huo nikatembea miaka kumi na tisa na kitu kibaya zaidi ndani ya mguu. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujapata muda wa kupanga maneno. Mimi kosa la kwanza lilikuwa rota. Ningelisema pale kwenye reli, wewe ukiwa unavuja damu, ningekuwa muuzaji mbaya wa spea, basi. Ni ule muda nilioupata, usiku mmoja na asubuhi moja, ndio ulionifanya niwe huyu.

Usiogope kwamba nakuachia mzigo. Funguo za duka nitamwachia shangazi yako, ameshakubali, ingawa sijamwambia kwa nini. Sijui watanifanya nini kituoni. Huenda watacheka, waseme ni mambo ya zamani. Huenda hawatacheka. Lakini nikiangalia ndani yangu sioni kitu kinachotaka kukimbia.

Pikipiki imesimama. Si wewe. Ngoja nimalize haraka.

Barua hii nitaitia kwenye begi lako, nikuapishe usiifungue mpaka basi lipite Singida. Nafanya hivyo kwa makusudi. Yohana, niliyempigia simu jana, anakuja na gari la alfajiri kutoka Misigiri, na basi lako likishakata kona nitampitia mzee Ramadhani, twende wote watatu. Ukiyasoma haya nitakuwa nimeshaingia ndani, simu yangu imezimwa, natoa maelezo.

Nakujua. Hapo ulipo umeshasimama kwenye kiti, unamtafuta kondakta.

Kaa chini, mwanangu. Usishuke.

Mama yako